Kwa nini nyumba yenye mizimu inawanyamazisha wateja wangu?

Msusi wa Kirumba (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Kuna swali limetuzunguka saluni kwangu na halijapata jibu la kuturidhisha, nikaona nililete kwa wapenzi wa tamthilia.

Saluni yangu iko Kirumba, hapa Mwanza, njia ya kuteremkia Mwaloni. Ninaowasuka ni wauza dagaa, wake za wavuvi, walimu, na manesi wanaotoka zamu Bugando. Anayetaka rasta ndogo ndogo anakaa kitini tangu asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo runinga haizimwi. Miaka yote huwa ni tamthilia za Kituruki, za Kifilipino na za Kikorea: mapenzi, urithi, mama mkwe mwenye gubu, mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Watu huziangalia huku wakipiga soga, wakipokea simu na kubishana bei ya dagaa.

Mwezi uliopita mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha sita, alileta flashi yenye The Haunting of Hill House, ile ya Mike Flanagan iliyotoka Netflix tarehe 12 Oktoba 2018, sehemu 10. Kwa wasioijua: mume na mke wa familia ya Crain wananunua jumba kuukuu mwaka 1992, wanahamia na watoto wao watano, wakikusudia kulikarabati kiangazi kile kile kisha waliuze kwa faida. Usiku mmoja baba anawabeba watoto na kukimbia nao, mama anabaki. Watoto wanakua, kila mmoja na jeraha lake, na hadithi inakwenda na kurudi kati ya utoto wao na utu uzima wao. Haina tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo mdogo wangu alisimama kando ya runinga akawa anatusimulia kila kinachosemwa.

Saluni ilinyamaza. Nimesuka watu miaka mingi na sijaona wanawake kumi wakanyamaza hivyo pasipo msiba. Mmoja nilishammaliza nywele, akahamia benchi la kusubiria akakaa hapo mpaka sehemu ile ikaisha, na bodaboda yuko nje anapiga honi. Mwingine alikuja kufumua tu, akaamua asuke kabisa. Halafu wakaanza kukagua pembe za picha, maana mtengenezaji ameficha sura za wafu nyuma ya milango na kwenye giza la ngazi, bila muziki wa kukushtua, na wahusika wenyewe hawazioni. Basi mtu unamtia rasta anakuponyoka mkononi: "Yule pale! Nyuma ya pazia!"

Sasa swali langu. Sisi hatukai kwenye majumba. Wengi wa wateja wangu wamepanga chumba kimoja, au chumba na sebule, wengine kule juu ya miamba ya Igogo na Mabatini, ambako ukikohoa usiku jirani anakupa pole. Hakuna ghorofa, hakuna chumba cha chini ya ardhi, hakuna ukumbi mrefu wenye milango iliyofungwa miaka. Mzimu ungekaa wapi? Na hadithi za kutisha tunazo: filamu za uchawi zimejaa kila kona, wateja wangu wanaziangalia huku wanakula karanga. Kwa nini hii ya nyumba imewashika namna hii?

Fundi Bati Nyakato

Dada, mimi ni fundi wa kuezeka, nimepanda mapaa kuanzia Buhongwa mpaka Ilemela. Nitajibu ninalolijua, yaani sauti.

Bati likipigwa na jua mchana linatanuka. Jua likizama linapoa na kusinyaa, na kwa kuwa limebanwa kwa misumari kwenye papi, linaachia kwa mlio: ta! hapa, kimya, ta! kule. Ukilala chini unaapa kuna mtu anatembea juu. Kama fundi alitumia mbao mbichi kwenye kenchi, nazo zinajipinda zikikauka na kulia kivyake. Ongeza upepo wa huku kwetu. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo mlango uliotulia mchana kutwa ndio unaogonga saa nane usiku, kwa sababu sasa unasukumwa na upande mwingine. Mama mmoja wa Pasiansi alinipigia simu usiku akilia kwamba kuna mtu darini. Nilipopanda asubuhi nikakuta bati limepigiliwa kwa kubanwa mno, halina nafasi ya kutanuka.

Wanaotengeneza tamthilia hizi wanalijua hilo. Hawakuletei sauti ya simba. Wanakuletea sauti ya mlango, ya mbao, ya maji kwenye bomba, ya mtu anayegonga ukuta, halafu wanakaa kimya. Ile ya Kituruki ukizima runinga imeisha. Hii mteja wako anaondoka nayo, anafika kwake Igogo, anazima taa, na bati lake mwenyewe linaendelea na hadithi pale mlipoishia. Mimi naona siri iko hapo tu, mengine ni nakshi.

Mpangaji Igoma

Kila mtu anayeangalia nyumba zenye mizimu anauliza kwa nini hawaondoki. Nadhani hata saluni kwako wameuliza.

Mimi nilihamia nyumba moja huku Igoma nimelipa kodi ya miezi sita, na dalali ameshachukua ya mwezi mmoja. Nikiwa nashusha godoro, jirani akaniambia chumba kile hakikai mtu, waliotangulia walitoka usiku. Sikutoka. Ningekwenda wapi? Hela yangu ilikuwa imeshaliwa, na mwenye nyumba hana desturi ya kurudisha. Nililala mle nikisikia kila kitu, nikamaliza miezi yangu.

Wale Crain ni hivyo hivyo. Wameweka kila walichonacho kwenye lile jumba, ukuta una ukungu mweusi, mabomba mabovu, kila wakibomoa wanakuta uharibifu mwingine. Wakiondoka wanaondoka bila senti. Mtu anayeishi kwake hawezi kuielewa hofu hiyo, ila mpangaji anaielewa kuliko mtu yeyote. Na jambo jingine: nani anamwambia mpangaji yaliyotokea kwenye nyumba? Dalali hasemi. Mwenye nyumba hasemi. Unaambiwa na jirani, nusu nusu, mizigo ikiwa imeshaingia.

Mtumishi wa Nyegezi

Dada yangu, nakusihi kwa upendo. Mambo haya si ya kuchezea wala ya kuwekea watu saluni. Roho chafu zipo na zinatafuta mlango. Wawekee nyimbo za injili, biashara itabarikiwa.

Msusi wa Kirumba

Mtumishi, asante kwa kunijali. Mimi pia ni mtu wa kusali, na Jumapili saluni haifunguliwi. Lakini katika hadithi hii sijaona mtu anayesifia pepo. Nimeona watoto watano wanaomlilia mama yao.

Fundi, hiyo ya upepo kugeuka sikuijua, na mteja mmoja wa Capripoint nilipomsomea alisema sasa ameelewa dirisha lake. Ila sauti peke yake hainitoshi, maana hata filamu za uchawi zina sauti, tena wanapiga ngoma na radi humo mpaka spika inapasuka, na bado watu wanakula karanga. Mpangaji umegusa zaidi. Jambo moja muuza dagaa wa makamo alilisema akiwa kitini, na tangu hapo nimekuwa nalifikiria: "Hawa hawatafuti mchawi."

Angalieni filamu zetu, na zile za Kinigeria tulizokua nazo. Mkosi ukiingia nyumbani, swali la kwanza ni nani. Nani katufanyia? Na jibu linakuwa tayari limekaa nyumba ya tatu: bibi mjane, mke mwenza, mama mkwe, shangazi asiye na mtoto. Mganga anatazama ndani ya beseni la maji, sura yake inatokea. Anaumbuliwa, anapigwa, anafukuzwa au anachomwa moto, na wenye nyumba wanalala kwa amani. Hadithi imeisha.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua swali hilo limefika wapi nje ya filamu. Vikongwe wameuawa Mwanza hii, wameuawa Shinyanga, Geita na Simiyu, kwa panga, kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia watoto na wajukuu wa watu hao hao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo. Mama yangu alimtoa Misungwi akamleta Kitangiri bibi akiwa bado na nguvu za kulima, na sisi tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba bibi amependa mjini. Niliijua sababu nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo mimi nikiona beseni la maji kwenye filamu na sura ya kikongwe inatokea, siwezi kuiangalia kama burudani. Naona jinsi mtu anavyofundishwa wa kumpiga.

Kwenye nyumba yenye mizimu swali ni jingine: hapa palitokea nini? Jirani hana kosa. Aliyetenda amekufa zamani, na anayetokea usiku mara nyingi ndiye aliyetendewa. Ukitaka akuachie, inabidi ujue habari yake, nani alimfungia, nani alinyamaza, nani alijua akaficha. Hakuna wa kumchoma. Wenye nyumba wanalazimika kuketi na kuambiana ukweli, na hilo kwa familia nyingi ninazozijua ni gumu kuliko kumwita mganga.

(Ambaye hajaangalia Hill House aruke aya mbili hizi.)

Kuna chumba ndani ya lile jumba kimefungwa, mlango mwekundu, hakuna ufunguo unaokifungua. Mwishoni tunajua kwamba chumba hicho kilikuwa wazi muda wote, na kila mmoja alikuwa akiingia bila kujua. Kwa Luke kilikuwa kibanda cha juu ya mti. Kwa Theo kilikuwa chumba cha kuchezea dansi. Kwa Steven, chumba cha michezo. Mama alikuwa anasomea humo vitabu vyake. Chumba kile kile, kila mtu amekivalisha alichokihitaji.

Mdogo wangu alipotufasiria hapo ilinibidi niweke chini kichana. Nyumba ya bibi Kitangiri ilikuwa na chumba cha mjomba. Mjomba alipanda MV Bukoba kurudi nyumbani, na meli ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Chumba chake kikatiwa kufuli. Bibi alikuwa akiingia na ufagio, akitoka anafunga. Sisi wajukuu hatukuambiwa kitu. Kaka yangu aliamini mjomba anafanya kazi mbali na chumba kinamngoja. Mimi niliamini ni stoo ya mahindi. Binamu yetu aliamini kuna nyoka, na mpaka leo hapendi kulala kwenye ile nyumba. Tulikulia nyumba moja na kila mmoja ana chumba chake kichwani. Hakuna aliyewahi kusema mle kuna mzimu, na hakukuwa na mchawi. Palikuwa na jambo lililotokea na watu wazima wasiojua walisemeje mbele ya watoto.

Baada ya sehemu ile nilimpigia kaka simu, yuko Sengerema, tukaongea habari za mjomba mpaka salio likaisha. Tamthilia za mama mkwe hazijawahi kunifanyia hivyo. Ndiyo maana nauliza, na nauliza kwa dhati: je, wengine mnaona kinachotushika ni hilo swali la palitokea nini, au ni mimi na historia yangu?

Mwalimu Mstaafu Magu

Binti, nimesoma maneno yako mara mbili. Pole kwa mjomba wako. Wengi wa meli ile tuliwazika pale Igoma, na kila nikipita napunguza mwendo.

Nina la kuongeza na la kupinga. Umesema swali letu ni "nani katufanyia". Sisi Wasukuma tulikuwa na maswali mawili, na yote mawili yalifika kwa mganga. Moja ni hilo ulilolisema. La pili ni "tumemsahau nani?" Mtoto akiugua, au mtu akiota ndoto ile ile, wazee walikuwa wanauliza kama kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Hao ndio masamva. Ikionekana ni hivyo, hapapigwi mtu. Panatengenezwa pombe, jina linatajwa, marehemu anajengewa kijumba chake hapo uani. Ukienda makumbusho ya Bujora, Kisesa, utaona vijumba hivyo vilivyokuwa. Watengeneza filamu wetu walilichukua swali la kwanza wakaliacha la pili, kwa sababu adui ni rahisi kumpiga picha, kumbukumbu ni ngumu. Usituhesabie wote kwa filamu.

Ila kuna tofauti kubwa kati ya masamva na hao wa kwenye jumba la Crain. Wetu hawafungwi na kuta. Wanafuata ukoo. Ukihama Magu ukaenda Dar es Salaam, wanakwenda nawe, na mgeni aliyepanga nyumba yako ya zamani hawamgusi, hawana shida naye. Wa Wazungu amebaki na kuta. Wa ukoo wake wamekufa, wamehama, wameuza nyumba, hakuna anayelijua jina lake, na anawatokea watu asiowajua kwa sababu ndio waliopo. Kwa macho ya wazee wetu hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mtu aliyekufa.

Hapo ndipo naona jibu la swali lako la kwanza, la watu wa chumba kimoja kuvutiwa na jumba. Mwanza ya utoto wangu ulijua nyumba hii ya nani, na alimzaa nani. Mwanza ya leo ina watu wa Ukerewe, Ukara, Bukoba, Musoma, Kigoma, wote wamepanga kwa watu wasiowajua, juu ya viwanja wasivyojua historia yake. Mpangaji wa Igoma amesema vizuri, unaambiwa nusu nusu na jirani. Wateja wako wamekuwa kama Wazungu hao: wanalala ndani ya habari za watu wengine. Zamani hadithi ya namna hiyo isingeingia akilini mwa mtu wa Magu. Sasa inaingia.

Fundi Mitambo wa Redio

Nimefanya kazi ya mitambo redioni hapa Mwanza, na hizi tamthilia nimezifuatilia tangu zikiwa kwenye kanda. Mwalimu amemaliza upande wa mila, mimi niongezee upande wa runinga yenyewe, maana mleta uzi ameuliza tamthilia, si filamu.

Filamu ya saa moja na nusu inakupitisha nyumbani mbio. Tamthilia ya saa kumi inakuhamishia humo. Ukifika sehemu ya nne unajua ngazi inakunja wapi, jiko liko upande gani, mlango upi haufungi vizuri. Ndipo mtengenezaji anaanza kukusumbua, kwa sababu sasa una cha kupoteza: unaijua nyumba. Angalieni tena sehemu ya sita ya Hill House. Imepigwa kwa vipande vichache virefu mno, kamera haikatizi. Baba mzee anatembea kwenye ukumbi wa nyumba ya kuandalia maiti, kamera inamfuata mgongoni, anakunja kona, na ghafla yuko kwenye ukumbi wa jumba la zamani usiku wa dhoruba. Walijenga majukwaa hayo mawili yakaunganishwa ili aweze kupita kwa miguu. Nimerudia hapo mara nyingi. Ule ndio msiba ulivyo: unafunga mlango wa leo, unakuta umeingia wa zamani.

Kwa hoja ya mpangaji, mtafuteni Marchlands ya ITV ya Uingereza, 2011, sehemu tano tu. Nyumba moja, familia tatu, mwaka 1968, 1987 na 2010, zinasimuliwa kwa pamoja. Wa 1968 wamefiwa na binti yao Alice, alizama majini, na mama yake haridhiki na alichoambiwa kuhusu kifo kile. Wa 1987 wana mtoto anayeongea na rafiki asiyeonekana, anamwita Alice. Wa 2010 wanangoja kujifungua. Ngazi ni zile zile, rangi za kuta tu ndizo zinabadilika. Hakuna damu humo. Kuna mama anayetaka kujua.

Na kuna mbili za zamani za BBC ambazo mtu wa Mwanza anapaswa kuzijua. The Stone Tape ya Nigel Kneale, iliyoonyeshwa Krismasi ya 1972. Watafiti wa kampuni ya umeme wanahamia jumba la kale kutafuta njia mpya ya kurekodia sauti, wanakuta chumba ambamo mwanamke analia na kuanguka kila mara vile vile. Wanafikiria kwamba jiwe la ukuta limerekodi kilichotokea na linakirudia. Niliiona nikiwa nimepanga Bwiru, nyumba imeegemezwa kwenye mwamba, ukuta wa nyuma wa chumba changu ni mwamba wenyewe. Hebu fikirieni jiji letu lote kwa wazo hilo: mawe haya yalikuwepo kabla ya reli kufika mwaka 1928, kabla ya Wajerumani, kabla ya watemi. Yangekuwa yanarekodi, tungelala?

Ya pili ni Ghostwatch, usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992. Ilikuwa imerekodiwa mapema, ikaonyeshwa kama matangazo ya moja kwa moja, na mtangazaji ni Michael Parkinson mwenyewe, mtu aliyeaminiwa na Waingereza kama baba wa familia. Hakuna jumba la kifahari: ni nyumba ya kawaida ya London, mama na mabinti wawili. Kuta zilikuwa zinagonga, mama akawaambia watoto ni mabomba ya maji, basi watoto wakampa yule mzimu jina la Mabomba. Fundi Bati, hapo umepata mwenzako. Watu wengi waliamini, simu zikamiminika, na BBC haijairudia tena kwenye runinga ya Uingereza tangu usiku ule. Iliwafikia kwa sababu runinga iko ndani ya nyumba. Sinema unakwenda, unarudi. Runinga imekaa sebuleni kwako, na mle ndani inakuonyesha sebule.

Mpangaji Igoma

Hiyo ya familia tatu naitaka. Nyumba niliyohama, najiuliza aliyeingia baada yangu ameambiwa nini kunihusu.

Msusi wa Kirumba

Mwalimu, shikamoo. Nakubali, na nashukuru kwa kunirekebishia swali. "Tumemsahau nani" ni swali ambalo bibi yangu angelielewa, na naona hata ule ufagio wake ulikuwa namna ya kulijibu. Ninapobaki na wewe upande tofauti ni hapa: umesema wa Wazungu wamefungwa na kuta kwa kukosa ukoo. Watoto wa Crain wana ukoo, na mama yao amekwama kwenye kuta zile zile hata hivyo, kwa sababu wanawe hawataki kutaja yaliyompata. Kaka mkubwa ameandika kitabu kuhusu nyumba yao, amepata hela, na bado hajaongea na wadogo zake. Kwa hiyo ukoo upo, kinywa ndicho hakipo. Nadhani na kwetu yanatokea, hasa sisi wa mjini tulioacha vijumba vya uani na hatukuweka kitu badala yake.

Fundi Mitambo, Marchlands nitaitafuta, na nitawaambia wateja mapema kwamba kuna mtoto aliyezama, maana ninaowasuka wana watu wao ziwani na si haki kumshtukiza mtu akiwa kitini na kichwa kimeshikwa.

Nina ombi kwa mnaoandika. Humu najua kuna vijana wa hadithi, na wengine wanaandikia tamthilia za hapa nchini. Tuandikieni ya kwetu. Nyumba ya kupanga Mabatini, vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, imeegemea mwamba. Mwenye nyumba wa kwanza awe karani wa reli. Wapangaji wa pili wawe na mtu anayengojwa bandarini Mei 1996. Wa tatu wawe wa leo, wamelipa miezi sita, hawawezi kuhama, na bati linalia. Kila chumba kiwe na kipande chake cha habari, na kisijulikane mpaka majirani waketi pamoja wakaulizana. Mzimu awepo, sina shida naye, atishe kweli kweli.

Sharti langu ni moja: ikifika mwisho, asitokee bibi mwenye macho mekundu akabebeshwa lawama. Akiwepo bibi, awe ndiye anayekumbuka majina yote ya waliopita kwenye nyumba ile, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Atakayeandika hata kurasa kumi, aje nazo saluni. Jumatatu wateja huwa wachache, anaweza kusoma kwa sauti na watamwambia ukweli wapi panachosha. Soda ni juu yangu.